Miaka Tisa ya Kumuuguza Mama: Je, Imepotea?

Msomaji mmoja wa Kibosho, Moshi, ameniandikia barua ndefu. Naifupisha hapa bila kutaja majina:

"Shikamoo mwalimu. Nina miaka 44. Nilikuwa na duka la vitenge Arusha, pale Kilombero. Mama alipopata kiharusi ndugu walinipigia simu mimi, kwa kuwa sikuwa na mume wala mtoto. Nilidhani ni miezi michache, ikawa miaka tisa. Minne ya mwisho alikuwa amepoteza kumbukumbu kabisa, hanijui, ananiita kwa jina la shangazi yake aliyekufa zamani. Tumemzika mwaka jana. Krismasi kaka yangu mkubwa alikuja kutoka Dar, na mezani mbele za watu akasema, 'Dada, umepoteza miaka yako bure, hata mama mwenyewe hakukumbuka ulichomfanyia.' Mchungaji ananiambia Mungu atanirudishia miaka iliyoliwa na nzige. Nashukuru, lakini kama ni ya kurudishwa, maana yake kweli iliyoyoma. Naomba unijibu kwa falsafa, usinifariji. Ile miaka iko wapi sasa? Na mimi nimeshachelewa? Nafikiria kwenda chuo cha uuguzi, wengine wanasema nifungue duka tena, wengine wanasema kwa umri huu nitulie tu."

Marahaba, binti yangu, na pole kwa msiba. Umesema nisikufariji, nami nitakutii kadiri ninavyoweza. Nitakupa hoja, na pale ninaposema la kwangu nitakuambia kwamba ni la kwangu.

Nianze na maneno ya kaka yako, kwa sababu ndiyo yanayokuuma, na yamebeba falsafa ambayo huenda mwenyewe hajui kwamba anayo. Amesema mambo mawili kwa pumzi moja: miaka imepotea, na mama hakukumbuka. La pili amelifanya ushahidi wa la kwanza. Kwake yeye, jambo likishasahaulika ni kama halikutendeka. Watu wengi wanaishi na imani hiyo, na wanafalsafa wakubwa wamewahi kuikaribia sana.

Mmoja wao ni Mwafrika mwenzetu, Augustino, aliyezaliwa mwaka 354 huko Thagaste, mji ambao leo ni Souk Ahras nchini Algeria, akafa mwaka 430 akiwa askofu wa Hippo. Katika kitabu cha 11 cha Maungamo yake anasema kwamba asipoulizwa wakati ni nini anajua, ila akitakiwa aeleze, hajui. Kisha analibana swali kama ulivyolibana wewe. Yaliyopita hayapo tena. Yajayo bado hayajawa. Inabaki sasa, na sasa nayo ukiitafuta huishiki: mwaka una miezi iliyokwisha na isiyofika, mwezi una siku, siku ina saa, saa ina dakika, na hata dakika ina nusu iliyokwenda na nusu inayokuja. Tunawezaje basi kusema ugonjwa ulikuwa mrefu, ikiwa tunachokipima hakipo? Jibu lake ni kwamba tunapima ndani ya nafsi. Yaliyopita yamo kama kumbukumbu, yaliyopo kama usikivu, yajayo kama matarajio. Anatoa mfano wa mtu anayeimba zaburi anayoijua kwa moyo: kabla hajaanza, zaburi nzima iko kwenye matarajio, anavyoendelea, inahamia kidogo kidogo kwenye kumbukumbu, mpaka yote imekwenda upande huo.

Kama umewahi kuimba kwaya unajua alichosema ni kweli. Noti moja peke yake si wimbo. Unausikia wimbo kwa sababu nafsi bado imeishika noti iliyopita na inaisubiri inayofuata. Mwanafalsafa wa Kijerumani Edmund Husserl alilichambua jambo hili hili kwa undani katika mihadhara yake ya mwaka 1905, akianzia kwa Augustino.

Lakini angalia hatari yake kwako. Kama yaliyopita hayana makao mengine ila kumbukumbu, basi mama yako alipoanza kusahau, maisha yake yalianza kufutika yakiwa bado yanaendelea. Asubuhi ulimwogesha, mchana hakujua. Basi mchana ule asubuhi ilikuwa imebaki nusu, kwako tu. Na wewe ukisahau, au ukifa, imekwisha. Augustino asingelikubali hili, kwa sababu kwake Mungu anaona nyakati zote kwa pamoja. Hata hivyo, ukiichukua nusu ya hoja yake na kuiacha nyingine, unafika moja kwa moja pale alipokaa kaka yako.

Wa pili ni jirani yetu zaidi. John Mbiti, mwanatheolojia wa Kenya, mwaka 1969 aliandika kwamba kwa Waafrika wakati una sehemu mbili, akazipa majina ya Kiswahili, Sasa na Zamani. Tukio likiisha linaondoka kwenye Sasa, linarudi nyuma kwenye Zamani. Mtu naye anapokufa hafi yote mara moja. Maadamu wapo wanaomkumbuka kwa jina yumo kwenye Sasa, ni mfu aliye hai, na hali hiyo inaweza kuendelea vizazi vinne au vitano, mpaka afe mtu wa mwisho aliyemjua. Hapo ndipo anapozama katika Zamani.

Mtu wa Kibosho hahitaji kufafanuliwa hilo. Mama amelala kihambani, kwenye shamba la ukoo, hatua chache kutoka mlangoni. Mjukuu amepewa jina la babu. Mtu akifanya kosa kubwa anakwenda na jani la isale, mmea wa kuombea msamaha kwa Wachaga, na aliyekosewa akijua mila hawezi kulikataa. Tunaishi na waliotangulia kwa karibu sana, na Mbiti aliliona hilo na kuliandika vizuri.

Alipoteleza, kwa maoni yangu, ni kwenye wakati ujao. Kwa kutazama nyakati za vitenzi katika Kikamba na Kikikuyu, alisema Mwafrika wa jadi hana wakati ujao wa mbali, hawazi zaidi ya miaka miwili hivi. Mwanafalsafa wa Ghana Kwame Gyekye alimpinga kwa ushahidi wa Waakan, na mimi ningempeleka tu akaione mifongo ya Kilimanjaro. Mababu waliochonga mifereji ile kwenye mabonde, wakalishusha maji kutoka msituni hadi migombani, wakaweka utaratibu wa zamu na wa ukarabati, walikuwa wanawachimbia watu ambao hawajazaliwa. Anayegawa kihamba anawaza wajukuu.

Kwa swali lako, hata hivyo, tatizo la Mbiti ni lile lile la Augustino. Amemweka marehemu mikononi mwa wanaokumbuka. Sasa tujiulize kwa uwazi: jambo lililotendeka linategemea kukumbukwa?

Twende Laetoli, ndani ya eneo la Ngorongoro, mkoa huu huu wa Arusha ninakokuandikia. Miaka milioni 3.66 iliyopita mlima wa volkano, unaodhaniwa kuwa Sadiman, ulitema majivu, mvua nyepesi ikayalowesha, na viumbe waliotembea wima kwa miguu miwili wakapita juu yake. Majivu yakakauka na kuwa magumu kama saruji, na tabaka jingine likafunika. Mwaka 1978 kikosi cha mtafiti wa mambo ya kale Mary Leakey kilianza kufukua njia ya nyayo yenye urefu wa mita 27 hivi. Unaona kisigino kilipozama na kidole gumba kilivyolala sambamba na vingine, kama mguu wako. Kuna mmoja aliyekuwa anakanyaga ndani ya nyayo za mwenzake aliyetangulia, na mwingine mdogo kando yao.

Kwa muda wote huo hakuna aliyewakumbuka. Hapakuwa na jina, kaburi wala simulizi. Je, mwaka 1977 walikuwa hawajatembea, na mwaka 1978 ndipo wakawa wametembea? Hakuna mtu mwenye akili timamu atakayesema hivyo. Walitembea siku waliyotembea, na sisi tumechelewa kujua. Sasa nenda hatua moja mbele, kwa sababu hapa ndipo penye uzito: fikiria wengine waliopita siku hiyo hiyo upande wa pili wa bonde, ambako majivu hayakulowa na nyayo hazikubaki. Hao hatutawajua milele. Nao walitembea. Unyayo unatusaidia sisi kujua, lakini haumsaidii aliyetembea kuwa ametembea.

Kumbukumbu ni hivyo hivyo. Mama yako kutokukumbuka kulimnyima yeye kujua, na hilo ni huzuni kubwa, sitalipunguza. Lakini halikugusa ulichotenda. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, katika kitabu cha 6 cha kazi yake juu ya maadili, anamnukuu mshairi Agathon akisema kuna jambo moja tu ambalo hata Mungu amenyimwa, nalo ni kulifanya lililotendeka lisiwe limetendeka. Mwanatheolojia Thomas wa Akwino alilikubali katika karne ya 13, akaona halipunguzi uweza wa Mungu hata kidogo. Fedha zako zinaweza kuibwa, duka linaweza kuungua, afya inaweza kukutoka. Kwamba ulimlisha mama yako uji wa ulezi kijiko kwa kijiko, ukisubiri ameze ndipo uongeze, hilo hakuna wa kukunyang'anya, wala kwa kusahau, wala kwa kauli ya mezani siku ya Krismasi.

Nakujua wewe mwenye barua kali, utaniuliza: "Kuwa kweli kwamba ilikuwepo ni jambo moja, kuwepo ni jingine. Niambie, ipo au haipo?" Haki yako. Hapa wanafalsafa wamegawanyika kambi tatu. Wa kwanza wanasema kilichopo ni cha sasa tu. Wa pili wanasema vyote vipo, vya jana, vya leo na vya kesho, kila kimoja mahali pake katika wakati, kama ambavyo Moshi na Arusha zote zipo ingawa huwezi kuwa kote kwa pamoja. Wa tatu wanasema yaliyopita na yaliyopo ni halisi, yajayo bado, na uhalisia unaongezeka kila tukio linapotokea. Huu ndio msimamo aliouandika Mwingereza C. D. Broad mwaka 1923.

Kambi ya pili ilipata nguvu kubwa kutoka kwa fizikia. Mwaka 1905 Albert Einstein alionyesha kwamba watu wawili wanaokwenda kwa mwendo tofauti hawatakubaliana ni matukio gani yametokea kwa wakati mmoja, na wote wawili wana haki. Baadaye alionyesha kwamba uvutano nao unabadili mwendo wa saa. Weka saa ya atomiki Moshi mjini na nyingine kwenye kilele cha Uhuru, mita 5,895. Tofauti ya urefu ni kama mita 5,000, na ile ya juu itakimbia zaidi. Kwa mwaka mzima itatangulia kwa sehemu kama 17 za sekunde iliyogawanywa mara milioni, kidogo mno kuhisiwa, lakini ni tofauti ya kweli na inapimika. Ramani iliyo kwenye simu ya bodaboda inategemea hesabu hiyo: saa za setilaiti za GPS hutangulia za ardhini kwa sehemu kama 38 za aina hiyo kila siku, na zisiporekebishwa ramani ingepotea kwa kilomita kadhaa ndani ya siku moja. Kwa hiyo hakuna sasa moja inayofagia ulimwengu wote kwa pamoja na kuacha utupu nyuma yake.

Einstein mwenyewe aliyachukua haya hadi msibani. Rafiki yake wa ujana, Michele Besso, alifariki Machi 1955, naye akawaandikia jamaa wa marehemu kwamba kwa wanaoiamini fizikia, tofauti kati ya yaliyopita, yaliyopo na yajayo ni njozi tu, ingawa ni njozi sugu. Mwezi uliofuata akafa yeye.

Mimi siwezi kumfuata hadi huko. Wakati ujao naona kweli haujawa, na bila hivyo sielewi tunafanya nini tunapokata shauri. Nasimama na kambi ya tatu, nikijua Einstein anaipa kazi ngumu, kwa kuwa inabidi useme ni sasa ya nani inayoongeza uhalisia. Lakini tazama: kambi mbili kati ya tatu zinasema miaka yako tisa ni halisi leo kama ilivyokuwa. Na hata kambi ya kwanza lazima itafute namna ya kueleza kwa nini ni kweli kwamba ulimuuguza mama. Hakuna falsafa makini ninayoijua inayosema alichosema kaka yako.

Kuna jambo jingine linaloniegemeza upande huu, nalo liko Old Moshi. Mangi Meli, mtawala wa Wachaga wa huko, alinyongwa na Wajerumani tarehe 2 Machi 1900, na ukoo wake unaamini kichwa chake kilipelekwa Ujerumani. Mjukuu wake amekitafuta kwa miaka mingi. Mwaka 2023 huko Berlin ilitangazwa kwamba vipimo vya DNA vya mafuvu yaliyochukuliwa Afrika Mashariki vimelingana na watu walio hai, likiwamo fuvu la Akida, mshauri wa Mangi Meli. Kama yaliyopita ni utupu, ukoo unadai nini, na unadai kwa niaba ya nani? Kila mtu anayesikia habari hii anahisi kwamba kuna mtu aliyedhulumiwa, na kwamba bado anadai. Hatuwezi kuamini hivyo kwa dhuluma halafu tukatae kwa wema. Kama alichotendewa Meli bado kina uzito, na ulichomtendea mama yako kina uzito.

Iko wapi, basi? Haiko mahali pa kwenda kuitembelea. Iko kwenye nafasi yake, kati ya siku ulipofunga duka Kilombero na siku mlipomzika, na nafasi hiyo haijazwi na kitu kingine.

Kuhusu nzige, simgusi mchungaji wako, ana nia njema. Ila soma sura mbili za kwanza za Yoeli zote. Nzige waliwalia watu nafaka, mizabibu na mitini yao. Walikula mavuno ambayo wenye shamba hawakupata hata kuonja. Ahadi ni ya wale walionyang'anywa. Miaka yako hukunyang'anywa na mdudu. Uliitoa kwa mkono wako, kwa mtu unayemjua, naye akaula uji wake. Vilivyoliwa na nzige katika habari yako vipo, nitavitaja, lakini siyo miaka.

Sasa, umechelewa?

Kuchelewa kunahitaji ratiba. Reli kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911 na Arusha mwaka 1929, na tangu hapo mtu wa huku aliweza kuchelewa kwa dakika tano. Ukifika stesheni treni imeondoka, umechelewa, hakuna mjadala. Swali ni nani aliyekuandikia ratiba ya kuishi, yenye vituo: miaka 25 ndoa, 30 nyumba, 40 gari, 50 kiwanja cha pili.

Kwetu ratiba hiyo ina siku yake ya kusomwa hadharani, na ni Desemba. Mabasi yanajaa, barabara ya Himo inafurika magari yenye namba za Dar, mbuzi wanachinjwa, mbege inachujwa, na ukoo mzima unakaa chini ya migomba. Naipenda Desemba ya Kilimanjaro kuliko sikukuu yoyote ninayoijua. Lakini tukubaliane kwamba pia ni baraza. Macho yanapita: huyu amemaliza kuezeka, yule amekuja na mke, huyu gari ni lile lile la mwaka juzi. Hakuna mtu anayetaja hukumu kwa sauti, na kila mtu anaondoka anaijua yake. Kosa la kaka yako ni kuitaja kwa sauti. Hesabu aliyoitumia inahesabu kinachoonekana kutoka barabarani, na mtu aliyemgeuza mgonjwa kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, asipate vidonda vya kulalia, hana kitu cha kuonyesha kutoka barabarani. Alichonacho ni ngozi ya mama iliyozikwa nzima.

Hesabu hiyo nayo ina historia. Wakati wa mkoloni kibarua wa mkonge au kahawa alibeba kipande, kadi ya siku 30 za kazi. Siku aliyofanya kazi ilitiwa alama, na malipo yalikuja siku 30 zikitimia. Siku aliyomuuguza mtoto ilibaki tupu. Tumeziacha kadi, lakini wengi bado tunayasoma maisha yetu kwa kipande: siku isiyolipwa haipo. Ukimsikia mtu anasema wakati ni pesa, ujue ametoka huko. Pesa unaweza kuiweka, kuikopesha, kuidai. Hakuna benki ambako miaka yako ya ujana ingekaa salama kama usingemuuguza mama. Ungeitumia kwenye vitenge, nayo ingepita vile vile.

Aristotle ana tofauti moja ambayo nadhani itakufaa kuliko yote niliyosema. Katika kitabu cha 9 cha Metafizikia anagawa matendo katika aina mbili. Kuna la kama kujenga nyumba: unapojenga hujamaliza kujenga, na ukimaliza huna tena cha kujenga. Tendo la namna hiyo lina pengo ndani yake, na likikatizwa katikati linakuwa bure. Na kuna la kama kuona: unapoona umeshaona. Ukiishi vema, tayari umeishi vema. Hili halingojei mwisho ili likamilike, kila sehemu yake ni nzima.

Miaka ya kwanza, unaandika, ulimfanyisha mama mazoezi ya mkono ukitumaini atashika kikombe. Hilo lilikuwa la aina ya kwanza, na halikufika. Liomboleze kama tumaini lililoshindwa. Lakini baadaye, daktari alipokwisha kusema hakuna la kuongeza, ulibaki na nini? Kumwogesha, kumpaka mafuta, kumfungulia dirisha asikie kuku, kuitikia jina la shangazi bila kubishana naye. Hapo hukuwa unajenga kitu. Kuogeshwa kwa Jumanne hakukushindwa kwa sababu Jumatano alihitaji kuogeshwa tena. Kaka yako ameyatazama matendo ya aina ya pili kwa jicho la aina ya kwanza, akakuta hayana paa, akasema ni bure.

Nilikuahidi kutokukufariji, kwa hiyo na hili nalo nilitaje. Umepoteza vitu. Duka lilikuwa lako na lingekua. Kama ulitaka mtoto wa kumzaa mwenyewe, mlango huo umekaribia kufungwa au umefungwa. Mwanafalsafa wa Marekani Thomas Nagel aliandika mwaka 1970 kwamba ubaya wa kifo uko katika mema kinayotunyima, na naona hoja hiyo inafaa hata kwa wanaoishi: kuna maisha ambayo yangekuwa yako na hayatakuwa. Usikubali mtu akuharakishe kusema yote yalikuwa heri. Na nzige ninaowaona mimi ni hawa: ndugu kadhaa walikutana wakaamua kwamba mzigo wa wote aubebe mmoja, kwa sababu tu hana mume, kana kwamba asiye na mume ana wakati wa ziada. Hiyo haikuwa haki. Ulichomfanyia mama kilikuwa chema, na namna ulivyoachiwa peke yako ilikuwa dhuluma. Mambo hayo mawili yanakaa pamoja bila kufutana.

Mwanafalsafa wa Kijerumani Martin Heidegger, katika kitabu chake cha mwaka 1927, alisema mtu huyamiliki maisha yake pale anapokubali kwamba atakufa, na kwamba kifo chake hakuna wa kumfia. Akilijua hilo kweli, anaacha kuishi kwa kufuata "watu wanasema". Kuna ukweli ndani yake, na barua yako imejaa hao watu wanaosema. Ila Heidegger alitazama mno kifo cha mtu mwenyewe. Wewe umekaa na kifo cha mwingine kwa miaka tisa, na nadhani kimekufundisha udogo wa wakati wetu kuliko kitabu chochote nilichokifundisha.

Kuhusu chuo au duka, ada na soko la ajira sivijui kuliko wewe, waulize waliomaliza karibuni. Upande wangu ni swali moja. Usijiulize utakuwa nani ukimaliza, jiulize kama kazi yenyewe unaitaka siku ya kawaida: wodi saa kumi usiku, kubadilisha shuka, mgonjwa asiyejua jina lako. Umeshaifanya, kwa hiyo unalijua jibu kuliko msichana wa miaka 19 anayejaza fomu. Ikiwa ukiiwaza mwili unachoka, fungua duka bila aibu, umetumika vya kutosha. Ikiwa unaitaka, miaka ya masomo nayo itakuwa miaka ya kuishi, haitakuwa foleni ya kungojea kuishi.

La mwisho ni kaka yako. Umeniuliza katika barua ndefu kama umjibu au umwache. Mjibu, lakini pasipo watu, na kabla Desemba nyingine haijafika. Mwambie lilikuumiza. Mwambie na habari ya ndugu kukuachia mzigo, maana hilo ni lake kulibeba. Kisha msimulie miaka ile. Mweleze mama alivyokuwa akicheka akimwona paka, wimbo gani aliendelea kuujua maneno yote hata alipokuwa hajui jina lake, alikula nini wiki ya mwisho. Yeye hayajui hayo, hakuwepo, na alikuwa mama yake pia.